Saa Moja na Nusu Kutoka Songwe Hadi Kilimanjaro

Tunduma, Alhamisi, mwezi wa nane, 2014

Upepo wa leo si wa kawaida. Vumbi limeingia hadi ndani ya kibodi, kila herufi nikiibonyeza inakwaruza. Ni saa kumi na mbili jioni, nimefunga ofisi, nimechemsha chai ya tangawizi, na bado sijatulia. Ni siku yenyewe ilivyonipeleka puta.

Nina la kukiri.

Jumatatu nilimdanganya mama mmoja wa heshima zake. Sikukusudia, Mungu shahidi, lakini nilimdanganya kwa sauti ya mtu anayejua. Nilimwambia kwamba kutoka uwanja wa ndege wa Songwe hadi uwanja wa Kilimanjaro ni saa moja na nusu tu.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni Zuhura, nauza tiketi Tunduma. Miaka tisa nimeuza za mabasi. Za ndege nimeanza juzijuzi tu, baada ya uwanja wa Songwe kufunguliwa na watu wa huku kugundua kwamba kumbe mtu anaweza kufika Dar kabla chakula cha mchana hakijaiva. Nikanunua kompyuta, nikabandika picha ya ndege mlangoni, nikaanza kujiona. Mtu akiuliza jambo la ndege najibu kabla hajamaliza. Mimi ambaye nimepanda ndege mara moja tu maishani, tena macho nimeyafumba kuanzia inapaa hadi inatua.

Mama Ezekia ni mkulima wa kahawa wa Iyula, kule Mbozi. Marehemu baba yangu, aliyekuja na lori lake kutoka Kondoa akalowea hapa mpakani, ndiye aliyekuwa akiwabebea mbolea. Ndiyo maana mama huyu ananiita mwanangu, nami nampa shikamoo ya mzazi. Ni mwenyekiti wa kikundi cha kaya arobaini ambazo mwaka huu, kwa mara ya kwanza, zimemenya, zimeosha na kuanika kahawa yao wenyewe badala ya kuwauzia walanguzi ikiwa bado mtini. Mwanamke mfupi, sauti ya chini, lakini mkavu wa macho kuliko askari.

Sasa, kahawa haiuzwi hivihivi. Kabla ya mnada sampuli yake hupelekwa Moshi, inakaangwa, inaonjwa, inapewa daraja. Kikundi kiliituma sampuli yao kwa basi Ijumaa iliyopita, nayo ikasafiri kwenye buti pamoja na viroba vya dagaa. Na kahawa, hili mimi sikulijua mpaka wiki hii, hunywa harufu. Ukiilaza karibu na vitunguu inaamka vitunguu. Jumatatu asubuhi waonjaji wakapiga simu: kahawa ya Iyula inanuka samaki. Wakawaonea huruma wakasema leteni nyingine, mwisho Alhamisi saa tisa alasiri. Isipofika, daraja la samaki ndilo litakalosimama, na jasho la kaya arobaini litakwenda kwa bei ya takataka.

Mama Ezekia akaenda ghalani, akafungua magunia ili achote sampuli ya pili. Akang'ata punje. Kahawa iliyokauka sawasawa hukataa jino, yeye anasema, na hii ilikubali. Walikuwa wameianua kwa pupa. Wenzake wakamsihi achote hivyohivyo, muda hakuna, basi la Jumanne alfajiri ndilo la mwisho linaloweza kuwahi. Yeye akaamuru magunia yote yamwagwe tena kwenye vichanja, jua liipige siku mbili. Ndipo akanipigia mimi.

Aliniuliza swali moja: kutoka uwanja wetu wa ndege hadi uwanja wa kule Moshi ni muda gani?

Nikaandika majina ya viwanja viwili kwenye mtandao. Ukurasa ukafunguka, mstari mwekundu ukachorwa, kutoka Songwe moja kwa moja hadi Kilimanjaro, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Kilomita mia saba na kitu. Muda wa kuruka, saa moja na nusu. Nikamsomea kwa mbwembwe. Akasema basi vizuri, ataondoka Alhamisi asubuhi, nimtafutie kiti. Nikasema hilo limekwisha, mama, lala usingizi.

Jumatano saa nane mchana ndipo nilipokaa kukata tiketi.

Hakuna ndege inayopita pale.

Nilitafuta mara tatu. Nikampigia mwenzangu anayeuza tiketi Mbeya mjini, akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia ule mstari ni wa karatasi, Zuhura, hakuna anayeupita. Ukitaka kwenda Kilimanjaro kutoka Songwe unakwenda kwanza Dar, kwenye bahari huko, unashuka, unangoja, unapanda nyingine, ndiyo urudi tena juu kaskazini. Na ukishatua bado kuna barabara hadi Moshi mjini. Nikapiga hesabu: ndege ya kwanza saa mbili na nusu asubuhi, ya pili saa sita na dakika ishirini, gari, Moshi labda saa nane na nusu. Tena hapo ni kama kila kitu kimekwenda kama kilivyoandikwa, na ni nani aliyewahi kusafiri siku ya namna hiyo?

Mimi, mtu wa Tunduma! Hapa ninapoandika, Zambia iko pale, mtoto akirusha jiwe linaangukia Nakonde. Na kila siku naona malori kwenye foleni, madereva wanapika ugali ubavuni mwa trela, siku ya tatu hawajavuka. Nimezaliwa katika mji ambao hatua mia mbili ni siku tatu. Halafu mimi ndiye nikaamini kilomita.

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu bila kuipiga. Nilifikiria hata kusingizia kwamba ndege imeahirishwa. Naandika hivi kwa aibu, lakini nilifikiria. Mwishowe nikapiga, nikamwambia yote: mstari, Dar, ndege mbili, na kwamba nilijibu jambo nisilolijua. Nilitegemea anikaripie, na kusema kweli ningefarijika kama angenikaripia.

Akasema tu, "Haya. Sasa nisomee njia ilivyo."

Nikamsomea kituo kwa kituo, naye akawa anarudia polepole huku mwanawe Ezekia akiandika. Nauli iliyopatikana ilikuwa ya mtu mmoja, na mtu huyo ni yeye, maana hakuna mwingine aliyemwamini kushika mfuko wa sampuli. Hajawahi kupanda ndege. Dar kwenyewe alifika mara moja, kwa mkutano wa akina mama wa kanisani, miaka mingi iliyopita.

Kabla hajakata simu akanipa masharti. Nimsindikize hadi uwanjani, lakini nisijipake manukato, nisijifukize udi, nisile kitunguu. Jamani! Mimi nyumba yangu udi haukatiki, hata mapazia yananukia, baba alitulea hivyo. Jumatano jioni nilioga mara mbili kwa maji matupu, nikafua gauni kwa maji matupu, nikalianika kwenye upepo, nikalala kwa jirani yangu Mnyiha asiyejua udi ni nini. Yeye mwenyewe Mama Ezekia, nilikuja kuambiwa, tangu Jumanne hakuwa amegusa sabuni wala kukaa jikoni penye moshi. Chakula aliletewa nje.

Asubuhi hii nikawakuta Mlowo, yeye na Ezekia, kando ya barabara kuu. Gari la kukodi likaja. Ndani, kwenye kioo cha dereva, kulikuwa kumening'inia kile kikaratasi cha manukato, harufu ya ndimu, kali hadi machozi. Mama Ezekia akasimama mlangoni hakuingia. Akamwomba dereva akitoe, akitie mfuko wa plastiki, akifunge, akiweke kwenye buti, kisha afungue vioo vyote vinne. Dereva akanung'unika baridi. Akajibiwa kwamba baridi haina harufu. Ezekia akarudi nyumbani, sisi wawili tukasafiri hivyo hadi Songwe, vioo wazi, meno yanagongana, mfuko uko mapajani mwake umefungwa kwa khanga ya weupe kwa weusi. Mimi nilikuwa nikimtazama kwa pembeni nikijiuliza ni kitu gani mimi nimewahi kukishika namna ile.

Uwanjani tukakuta ukungu. Mlima hauonekani, njia ya ndege haionekani. Ndege ilikuwa imechelewa kuondoka Dar, na hata ikifika itazunguka angani mpaka kwetu kufunguke. Saa mbili na nusu ikapita. Saa tatu ikapita. Mimi nilikuwa nikitembea huku na huko, natoka nje naangalia juu, narudi. Yeye alikaa kitini, mgongo umenyooka, akaniambia nikae kwani ukungu hauondolewi kwa miguu.

Ukungu ulipoanza kukatika wakaita abiria kwenye ukaguzi. Mfuko ukapita kwenye mashine, askari wa kike akasema lazima ufunguliwe. Binti mzuri, kucha za rangi, na mafuta ya mikono yananukia waridi hata mimi niliyesimama nyuma ya kamba niliyasikia. Akanyoosha mkono. Mama Ezekia akaufunika mfuko kwa viganja vyote viwili. Foleni nyuma ikaanza kuguna, mtu mmoja mwenye tai akasema mama vipi, tunachelewa. Mimi nilitaka ardhi ipasuke.

Hakupandisha sauti hata kidogo. Alimwambia yule binti, "Mwanangu, humu mna watu arobaini. Nenda kanawe, maji peke yake, kisha ufungue upendavyo."

Binti akamtazama. Nilidhani sasa tunafukuzwa. Loh, akacheka kidogo kwa haya, akaenda, akanawa! Akarudi ameinua mikono juu, Mama Ezekia akamkaushia kwa kitambaa safi alichokuwa nacho kifuani, kidole kwa kidole, kama anavyomkausha mtoto. Mfuko ukafunguliwa, ukatazamwa, ukafungwa. Yule wa tai akauliza hiyo ni kahawa ya wapi, akajibiwa ya Iyula, akasema hajawahi kusikia. Mama Ezekia akamwambia utasikia.

Ndege ikatua, ikapakia, ikaondoka saa nne kamili. Mtu aliyetakiwa kufika Dar saa nne, saa nne ndiyo kwanza anaondoka Songwe.

Nilirudi Tunduma na gari lilelile, nikafungua ofisi lakini sikuwa na akili ya kuuza kitu. Kijana mmoja alitaka tiketi ya Sumbawanga nikamwandikia Songea. Nilikuwa naona yote: ndege inatua saa tano na nusu, mama hajui mlango wa kutokea, anasimama na khanga yake katikati ya watu wenye masanduku ya magurudumu, ndege ya pili inafunga mlango. Nikaona waonjaji wanafunga daftari. Nikawaona wale wa Iyula, ambao baadhi yao nimewajua tangu mtoto, wakiambiwa kwamba Zuhura wa tiketi alisema saa moja na nusu. Nikaomba dua kwa muda mrefu kuliko kawaida yangu, na sitaandika hapa nilivyoahidi.

Saa sita na dakika tano, simu. Ni yeye. Kelele nyingi nyuma. Akasema yumo kwenye ndege ya pili, amekaa, wanamwambia azime, nisiwe na wasiwasi. Akazima. Nikapiga kelele peke yangu ofisini mpaka mwuza chipsi wa jirani akaja kuangalia.

Jinsi alivyowahi nimeambiwa baadaye, na hapa ndipo mama huyu aliponimaliza kabisa. Mimi ningekaa kwenye kiti changu nikatetemeka kimyakimya hadi Dar, kwa kuogopa kuonekana mshamba. Yeye, ndege ilipotulia tu angani, alimgeukia jirani yake akamwuliza: mwanangu, nikishuka nakwenda wapi? Akamweleza habari yote, dagaa, waonjaji, saa tisa. Jirani akamwambia wa mbele. Mhudumu akasikia. Ikawa ndege nzima inajua habari ya kahawa ya Iyula. Ilipotua, abiria walikaa vitini wakamwachia yeye ashuke kwanza, na yule bwana mwenye tai, yuleyule wa kuguna, akamshika mkono wakatembea haraka hadi mlango wa pili, anawaambia watu samahani, samahani, mama ana mgonjwa. Mama Ezekia akamkatiza akasema sina mgonjwa, nina kahawa, usiwadanganye watu. Wakapitishwa hivyohivyo.

Nimeishi kwa kujibu maswali ya watu, na sikumbuki mara ya mwisho nilipouliza moja. Mama aliyeishia darasa la nne amevuka nchi nzima kwa kuuliza.

Saa tisa kasoro dakika kumi simu ikalia tena. Sikuisikia vizuri salamu, nilikuwa nalia. Ameshaingia, ameshakabidhi. Mpokeaji naye alinawishwa. Wakatumbukiza kahawa kwenye kipimo cha unyevu, wakasema imekauka barabara. Mzee mmoja wa pale, mwonjaji, akatia pua kwenye mfuko, akaivuta harufu mara mbili, akauliza mmeanikia juu ya nini, akaambiwa vichanja vya mianzi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ile ya samaki wakaifuta kwenye daftari mbele ya macho yake. Kesho wanaikaanga, na yeye ataingia kuangalia kwa dirisha, amewaomba na wamekubali.

Ningeishia hapo ingekuwa heri kwangu. Lakini furaha ikanipanda kichwani na nikaanza tena yale yangu. Nikamwambia kwamba unaona basi, mama, kumbe kosa langu lilikuwa na baraka. Kama Jumatatu ningesema ukweli, ungeitoa Jumanne kwa basi ikiwa na maji, na leo wangeikataa. Ni ile saa moja na nusu yangu ndiyo iliyoipa kahawa jua la siku mbili. Nilikuwa nacheka nikisema. Nilitaka, nadhani, anisamehe kwa njia ya mkato.

Hakucheka.

"Zuhura," akasema, "nisingeitoa. Mimi sikuwa naingoja saa yako, mwanangu. Nilikuwa naingoja kahawa."

Nikamwuliza, na kama ingechelewa?

"Ingechelewa ikiwa kavu. Ningekaa mlangoni pao mpaka waionje."

Alisema hivyo kwa sauti yake ileile ya chini, bila kunisuta. Kisha akauliza kama nimekula, akanituma nimwambie Ezekia awafunike ndama, akaaga. Atarudi Jumamosi kwa basi, hana haraka tena.

Nimekaa na maneno hayo tangu saa tisa. Siku nne nimejiona kwamba mwaka wa kaya arobaini uko mikononi mwangu, kwanza kwa majivuno, halafu kwa hofu, halafu kwa majivuno tena. Haukuwahi kuwa mikononi mwangu. Ulikuwa kwenye meno ya mama mmoja wa Iyula aliyejua kitu chake kimeiva au bado, na asingekitoa kabla kwa sababu ya mtu yeyote, awe mimi, awe kompyuta, awe waonjaji wenyewe. Namwonea wivu, nasema kweli. Na ninampenda.

Kesho nafungua saa moja. Wa kwanza atakayeniuliza Kilimanjaro ni mbali kiasi gani, nitamwuliza kwanza amebeba nini. Kisha nitamwambia sijui, tukae tuulize.